Nyuzi 95: Je, Gemu Zaiunguza Mashine ya Nyumbani?

Likizo ndefu ya shule katika nchi yetu huanguka wakati mbaya kwa kompyuta. Watoto hufunga mwishoni mwa mwaka, kaskazi inapoanza kuvuma, na tangu hapo hadi Machi joto la mchana hapa Pwani hupanda hadi nyuzi 32 au 33, usiku nao usipoe kiasi cha kumfariji mtu. Ndiyo miezi hiyohiyo ambayo kijana, akiwa hana daftari la kumaliza, hukaa mbele ya kipakatalishi tangu baada ya Isha hadi usiku wa manane, akicheza kandanda au akiendesha magari katika miji ya kubuni. Feni ndogo iliyo ndani ya mashine huanza kuvuma kama nyuki waliochokozwa, ubao wa herufi hupata moto, na baba aliyejinyosha chumba cha pili huinuka kuja kuuliza ni kitu gani kinachoungua.

Hapo mabishano huanza, na kila upande una hoja. Kipakatalishi hicho aghalabu ndicho cha pekee nyumbani. Ndani yake mna hesabu za biashara ya mama, kazi za chuo za dada mkubwa, na picha za jamaa ambao baadhi yao wametangulia mbele ya haki. Kikifa, hakifi peke yake. Kijana naye ameweka programu ya kupima joto, imemwonyesha nyuzi 94, na rafikiye amemwambia kwamba kiasi hicho hakina neno. Baba akisikia 94 hukumbuka kuwa maji huchemka kwa 100, na moyo wake hukataa kusadiki kwamba chombo cha thamani ile kinaweza kukaa karibu na kuchemka kisiharibike.

Ukweli ni kwamba kijana amesema kweli kuhusu prosesa, na baba amesema kweli kuhusu mashine. Prosesa na mashine si kitu kimoja, na kutotenganisha viwili hivi ndiko kunakowafanya watu wengine wapige marufuku gemu bila sababu, na wengine waache chombo kiharibike huku wakijiliwaza kwa nambari.

Prosesa ni kipande cha silikoni ambacho upana wake haupiti sana ukucha wa kidole gumba. Ndani yake mna mabilioni ya transista, yaani swichi ndogo mno zinazofunga na kufungua mara mabilioni kwa sekunde. Kila zinapogeuka hutumia chembe ya umeme, na umeme huo wote mwisho wake huwa joto. Prosesa za vipakatalishi vilivyoundwa kwa ajili ya gemu hukadiriwa kutumia wati 45 hivi, na kwa muda mfupi huweza kufika maradufu ya hapo. Wenye umri watazikumbuka balbu za zamani za wati 40, ambazo mtu hakuthubutu kuzigusa kwa mkono mtupu zikiwa zimewaka. Basi fikiria joto la balbu ile limekusanywa katika eneo la ukucha mmoja. La kustaajabisha si kwamba hufika nyuzi 90. La kustaajabisha ni kwamba huishia hapo.

Huishia hapo kwa sababu joto huondolewa. Juu ya prosesa hupakwa pesti ya kupozea, kitu cha kijivu kama utomvu mzito, kazi yake ikiwa ni kuziba nafasi ndogondogo kati ya silikoni na bamba la shaba. Kutoka kwenye bamba hutoka mirija bapa ya shaba, na mirija hiyo hulipeleka joto ukingoni, kwenye mapezi membamba ambayo feni huyapuliza hewa. Kiungo kimoja katika msafara huu kikilegea, joto hurudi lilikotoka.

Watengenezaji wanalijua hilo, na kila prosesa huwekewa mpaka. Prosesa nyingi za Intel Core za vipakatalishi vya gemu, kama vile i7-9750H na i7-11800H, mpaka wake ni nyuzi 100. Za AMD hutofautiana: Ryzen 7 5800H imewekewa nyuzi 105, ilhali nyingine zilizofuata zimewekewa 95. Mpaka huo maana yake si kwamba silikoni itayeyuka ikiufikia. Maana yake ni kwamba hapo prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe, bila kumwuliza mtu, hadi joto lisimame. Na joto likizidi kupanda mbali na hapo, kwa mfano feni ikiwa imekufa kabisa, mashine hujizima ghafla kabla ya kuungua.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 2001 jarida la kompyuta la Tom's Hardware lilifanya jaribio ambalo wapenzi wa vyombo hivi hulitaja mpaka leo. Walichukua kompyuta kubwa za mezani, wakaziwasha gemu ya Quake III, kisha wakaking'oa kipozea kutoka juu ya prosesa mchezo ukiwa unaendelea. Prosesa mpya ya Intel wakati huo, Pentium 4, ilipunguza mwendo na mchezo ukaendelea kwa kujikokota. Pentium III iliyotangulia iliganda, lakini ikapona. Prosesa za Athlon za AMD zilitoa moshi na kufa kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kusoma sentensi hii. Tangu wakati huo kinga ya joto imewekwa ndani ya prosesa za kampuni zote mbili, na leo kuiua prosesa ya kipakatalishi kwa gemu peke yake ni jambo gumu mno. Kwa hiyo kijana anaposema nyuzi 94 haziiui, ana haki ya kusikilizwa.

Walakini kutokufa si sawa na kuwa na afya.

Namna ya kuisoma nambari

Zipo programu za bure za kupima joto. HWiNFO na Core Temp ndizo zinazojulikana zaidi. Kipimo cha Windows chenyewe, kile kinachoonyesha shughuli za mashine, huonyesha joto la kadi ya picha ikiwa ipo, lakini la prosesa hakilionyeshi, na wengi hudanganyika hapo. Gemu na ichezwe kwa nusu saa nzima ndipo nambari zitazamwe. Dakika tano hazitoshi, kwa sababu shaba na ganda la mashine huchukua muda kushiba joto.

Jambo la pili ni kwamba nambari ya kilele isimtishe mtu. Gemu inapofunguka, prosesa huruka hadi 95 kwa sekunde moja au mbili, kisha hushuka. Hiyo ni pumzi ya kawaida. Nambari ya kuiangalia ni ile inayokaa. Mashine ya gemu ikikaa kati ya nyuzi 75 na 85, huna haja ya kufikiri zaidi. Ikikaa kati ya 85 na 92, inafanya kazi kwa bidii lakini imo ndani ya mipaka yake, na hapa Pwani ndiko nyingi zitakakokuwa. Ikisimama 95 na kuendelea kwa muda wote wa mchezo, hapo ina jambo la kukwambia, nawe huna budi kuuliza swali la pili: inakimbia kwa mwendo gani?

Swali hili watu hulisahau, nalo ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Chukua prosesa ya i7-9750H niliyoitaja. Mwendo wake wa msingi, ambao mtengenezaji ameuahidi, ni gigahezi 2.6, ikipata nafasi hupanda hadi 4.5. Ikiwa katikati ya mchezo inaonyesha nyuzi 92 huku ikikimbia kwa gigahezi 3.5, mashine ni nzima. Inalitumia joto lake kufanya kazi. Ikiwa inaonyesha nyuzi 98 na mwendo umeshuka chini ya 2.6, basi vipozea vimeshindwa, na prosesa inajiokoa kwa kutambaa. Kijana ataliona jambo hilo kwa macho kabla hata ya kupima: picha zinaanza kukatika baada ya dakika 10 au 15 za mchezo, ilhali mwanzo zilikuwa laini. Nyuzi zinaweza kutofautiana kidogo tu kati ya mashine hizi mbili, na hali zao zikawa mbali kama mtu anayekimbia na mtu anayezimia.

Kipimo cha tatu hufanywa mashine ikiwa haina kazi. Katika chumba cha nyuzi 30, prosesa isiyofanya lolote hukaa baina ya nyuzi 45 na 55 hivi. Ukiiona iko 70 ilhali hakuna programu uliyoifungua, ama vumbi limejaa, ama pesti imekauka, ama kuna programu iliyojificha inayofanya kazi usiyoijua. Hilo la mwisho halitokei kwa nadra: gemu za wizi zinazogawanywa katika vijiti vya kuhifadhia data mara nyingine huja na mgeni anayetumia prosesa yako kuchimba sarafu za mtandaoni kwa faida ya mtu mwingine.

Kadi ya picha, kwa mashine zilizo nayo mbali na prosesa, huishi kwa nyuzi za chini kidogo. Nyingi hukaa kati ya 70 na 85 mchezoni, na hujizuia zenyewe zikikaribia 87.

Hewa ya Pwani imo hesabuni

Kijana anaposoma au kutazama video ya mtu aliyeipima mashine kama yake, akaambiwa hukaa nyuzi 85, kuna jambo halisemwi kwa sababu msemaji halioni. Yeye amekaa Ulaya au Marekani, katika chumba cha nyuzi 20 au 22. Kipozea cha kompyuta si jokofu. Hakiwezi kuishusha prosesa chini ya hewa inayoizunguka, wala hakiipozi hadi nambari fulani maalumu. Kinachofanya ni kuweka tofauti kati ya prosesa na hewa ya chumba. Ikiwa kwa kazi ile tofauti ni nyuzi 63, chumba cha 22 kitakupa 85. Peleka mashine hiyohiyo, gemu hiyohiyo, katika chumba cha nyuzi 32 pale Majengo au Kisauni saa nane ya mchana, nawe utapata 95. Haijaharibika kitu. Ni hesabu tu.

Watengenezaji wengi huandika kuwa vipakatalishi vyao vimeundwa kutumika katika hewa isiyozidi nyuzi 35. Huko kwa wengine mpaka huo ni maneno tu karatasini. Kwetu sisi, chumba cha juu chini ya paa la mabati, mwezi wa Februari, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi la barabara, huufikia bila taabu. Ndiyo maana nasema akiba ya usalama ambayo mtengenezaji aliiweka, sisi tumeshaila kabla mchezo haujaanza. Kijana wa Limuru anaweza kupuuza mambo ambayo kijana wa Likoni hawezi.

Na kuna aina ya mashine. Familia nyingi hazinunui vipakatalishi vya gemu, ambavyo bei yake ni ya kutisha. Hununua vya ofisini vilivyokwisha kutumika ng'ambo, Uingereza hasa, vikaletwa kuuzwa tena: ThinkPad, EliteBook, Latitude. Ni vyombo imara, nami sina la kuvilaumu. Lakini prosesa zake, kama ile ya i5-8250U ya mwaka 2017, ziliundwa kutumia wati 15 kwa kazi za barua na hesabu. Zina feni moja ndogo na aghalabu mrija mmoja wa shaba. Tena hazina kadi ya picha ya pekee, bali sehemu ya picha imo ndani ya prosesa hiyohiyo, kwa hiyo gemu huzitwika pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kandanda ya miaka ya nyuma wataicheza vizuri. Gemu mpya kubwa ni kuipakia Probox mzigo wa lori: huenda ikafika, lakini utasikia inavyolia njiani. Ongeza kwamba chombo hicho kimekaa miaka mitano au sita ofisini mwa watu na pesti yake haijabadilishwa hata mara moja, nawe utaelewa kwa nini kinaonyesha nyuzi 97 siku ya kwanza kufika nyumbani.

Kinachoharibika hasa

Ikiwa prosesa hujilinda, baba anaogopa nini? Anaogopa majirani wa prosesa, na hapo ndipo hoja yake inapopata nguvu.

Wa kwanza ni betri. Betri za lithiamu hazipendi joto, na hazipendi kujaa kupita kiasi. Vitu viwili hivyo vikikutana huzeeka upesi. Betri iliyojaa kabisa ikikaa katika joto la nyuzi 40 kwa mwaka mmoja hubakiwa na takriban theluthi mbili ya uwezo wake, ilhali ile iliyojazwa chini kidogo ya nusu na kuwekwa katika nyuzi 25 hubaki nao karibu wote. Sasa itazame mashine ya gemu: imechomekwa stima usiku kucha, betri imejaa kwa asilimia 100, na betri yenyewe imelala chini ya mahali pa kuegemeza viganja, hatua chache kutoka kwenye prosesa. Ndiyo hali mbaya kuliko zote, nayo hurudiwa kila usiku wa likizo. Dalili ya hatari ni kibao cha kuchezeshea kishale kuinuka au kukataa kubonyea, au ganda la chini kuvimba na mashine kuyumba juu ya meza. Betri hiyo imefura. Hapo si suala la mchezo tena. Mashine izimwe, itolewe kwenye stima, isitobolewe wala kukandamizwa, na betri ikabadilishwe na fundi.

Jirani wa pili ni vile viungo vidogo vya risasi vinavyoishikilia chipu kwenye ubao wake. Kila mashine inapopata moto na kupoa, vitu hutanuka na kunywea, na kila kimoja kwa kipimo chake. Ukirudia maelfu ya mara, viungo hupata nyufa. Jambo hili si la kinadharia. Mnamo Julai 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za picha za vipakatalishi zilizokuwa zikifa kabla ya wakati wake kwa sababu ya udhaifu wa vitu vilivyozifunga. Zilikuwa zikikaa ndani ya mipaka ya joto iliyoandikwa. Kilichozimaliza ni kupanda na kushuka.

Wa tatu ni feni yenyewe, ambayo ndiyo kitu pekee kinachozunguka ndani ya vipakatalishi vingi vya leo, na ndiyo huvuta ndani kila kilichomo hewani. Kwetu kilichomo hewani ni vumbi, nyuzi za nguo, manyoya ya paka, na chumvi ya bahari. Vumbi likichanganyika na unyevu hugeuka kuwa zulia jembamba linaloziba mapezi ya shaba. Wanaokaa karibu na ufuo wataona pia kutu mapema kuliko ndugu zao wa bara. Zulia hilo halionekani kwa nje. Huonekana katika nambari: mashine iliyokuwa nyuzi 86 kaskazi iliyopita, sasa ni 96 kwa gemu ileile.

Na mwili wa mtoto

Kuna kitu kingine kinachoungua ambacho hakiandikwi katika programu yoyote ya vipimo. Mwaka 2010 madaktari wa Basel, nchini Uswisi, waliandika katika jarida la Pediatrics habari za mvulana wa miaka 12 aliyetokewa na madoadoa ya rangi ya kahawia yaliyopangika kama wavu kwenye paja lake la kushoto. Alikuwa akicheza gemu kwa saa kadhaa kila siku, kwa miezi, kipakatalishi kikiwa mapajani. Alikuwa ametambua kwamba upande wa kushoto wa mashine ulikuwa na moto zaidi, lakini haukumwuma kiasi cha kumfanya abadili mkao. Ngozi haihitaji moto wa kuunguza papo hapo. Joto la nyuzi 44 tu, likishikana nayo kwa saa nyingi mfululizo, laweza kuijeruhi, na ganda la chini la mashine ya gemu hulivuka joto hilo kwa wepesi. Madoa kama hayo kwa kawaida hufifia chanzo kikiondolewa, ingawa si kila mara.

Kwa wavulana waliobaleghe kuna neno la ziada, nalo tulitaje kwa heshima yake. Mwaka 2005 watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la New York kule Stony Brook waliwapima wanaume 29 waliokaa saa moja na kipakatalishi mapajani, wakakuta joto la viungo vyao vya uzazi limepanda kwa zaidi ya nyuzi 2.5. Hawakupima uzazi wenyewe, walipima joto tu, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na mkao wa kubana mapaja. Hata hivyo waliona inafaa kuwatahadharisha vijana. Viungo hivyo vimewekwa nje ya mwili ili vikae na ubaridi kuliko mwili wenyewe, na hiyo peke yake yatosha kumwambia kijana wako: "Weka mezani, mwanangu, kisha ucheze."

Dawa ni nyepesi kuliko ugonjwa

Meza ndiyo dawa ya kwanza, na haigharimu kitu. Mashine nyingi huvuta hewa kwa chini. Ukiiweka juu ya godoro, mto au mkeka, umeiziba pua. Inua upande wa nyuma kwa vipande viwili vya ubao au vifuniko vya chupa, hewa ipate njia, na mara nyingi hilo tu litakushushia nyuzi kadhaa. Elekeza panka upande wa mashine. Vile vibao vyenye feni vinavyouzwa madukani husaidia kidogo, lakini usitarajie miujiza. Kuinua mashine hutoa sehemu kubwa ya faida yao.

Dawa ya pili imo ndani ya Windows, na wengi hawaijui. Katika mipangilio ya umeme kuna mahali pa kuweka kiwango cha juu cha prosesa, nacho kwa kawaida ni asilimia 100. Ukikiweka 99, prosesa za Intel huacha kujirusha juu ya mwendo wake wa msingi. Joto hushuka kwa nyuzi 10 au zaidi, na katika gemu nyingi mchezaji hataona tofauti kubwa, kwa sababu kinachomzuia huwa ni sehemu ya picha. Zaidi ya hapo, ndani ya gemu yenyewe picha zizuiwe zisipite 60 kwa sekunde. Kioo cha kawaida hakiwezi kuonyesha zaidi ya hizo, kwa hiyo zilizozidi ni joto la bure. Kijana atanung'unika mwanzo. Mwambie ajaribu siku mbili. Na ikiwa mashine ina mpangilio wa kuizuia betri isijae zaidi ya asilimia 80, uwashwe wakati inatumika ikiwa imechomekwa.

Vumbi litolewe angalau mara moja kwa mwaka, na kwa wakaao kando ya barabara ya vumbi mara mbili. Mashine izimwe na kutolewa stima kwanza. Anayepuliza kwa kipulizio azuie mabawa ya feni kwa kijiti, yasizungushwe kwa kasi ambayo hayakuumbiwa. Pesti ibadilishwe kila baada ya miaka mitatu au minne, na kwa mashine ya mkono wa pili ibadilishwe pale tu inaponunuliwa.

Sasa yale ya kutofanya. Nimesikia ya watu kuiweka mashine jokofuni ipoe, au kuiwekea barafu iliyofungwa kitambaani. Tazama gilasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Jasho hilohilo hutokea juu ya saketi za mashine baridi inapokutana na hewa yetu yenye unyevu, nalo huua kwa siku moja kile ambacho nyuzi 95 zisingekiua kwa miaka. Wala mashine isifungwe kifuniko ikiwa ya moto na kutiwa mkobani. Nyingine hazilali kwa kufungwa, huendelea kufanya kazi humo gizani zikajichemsha. Izimwe kabisa, iachwe robo saa.

Kama baada ya haya yote bado mchezo unakaa nyuzi 97 na mwendo unashuka, ni wakati wa fundi. Kabla ya kwenda, andika katika karatasi nambari mbili: joto la mashine ikiwa imetulia, na joto lake baada ya nusu saa ya gemu, pamoja na mwendo wa prosesa wakati huo. Zihamishe hesabu na picha za nyumbani mahali pengine salama. Ukifika, mwulize fundi kama atafungua hadi kwenye mapezi au atapuliza kwa nje tu, na pesti atakayoipaka ni ya namna gani. Kisha akimaliza, mwombe aiwashe mbele yako na kuiendesha nusu saa nyingine, mlinganishe na karatasi yako. Fundi anayeijua kazi yake hatakasirika kwa ombi hilo.